Hiyo esensho oili ya vanila mnayouziwa, ulizeni kwanza imetoka wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua mana hili jambo limeachwa mda mrefu na watu wanazidi kupigwa. Siku hizi kila grupu la wasap la akina mama ukifungua asubuhi unakutana na tangazo la kachupa kadogo keusi, esensho oili ya vanila (yani mafuta ya harufu yanayotolewa kwenye mmea), asilia asilimia mia, elfu tano tu na unaletewa mpaka mlangoni, halafu chini yake orodha ya magonjwa inayotibu mpaka unajiuliza madaktari wamebakiwa na kazi gani. Inaondoa stresi, inaleta usingizi, inakata tumbo, inarudisha nguvu za kiume, inazuia saratani, inang'arisha ngozi. Na watu wananunua, tena wengine wanadondoshea kwenye chai.

Mimi sina ugomvi na vanila. Nimezaliwa Muleba huko Kagera, na kibanja chetu kilikuwa na vanila chini ya migomba imepandishwa kwenye mibono, na ile bei ilivyopanda miaka ya 2003 na 2004 baada ya kimbunga kuharibu mashamba ya Madagaska ndo hiyo hiyo iliyonilipia ada ya sekondari, kabla haijaporomoka 2005 na watu wengine wakang'oa kwa hasira. Kwa hiyo nikiona jina la vanila linabandikwa kwenye kitu ambacho vanila haijawahi kukigusa inaniuma kidogo, nakiri.

Tuanze na hili ambalo wauzaji wengi hawalisemi, sijui kwa makusudi au na wao waliambiwa tu na aliyewauzia jumla. Esensho oili ya kawaida, kaa ya karafuu au mchaichai, inatolewa kwa mvuke. Unaweka majani au vikonyo kwenye mtungi, mvuke unapita, unabeba mafuta, ukipoa mafuta yanaelea juu ya maji unayakinga. Pemba wanafanya hivo kwa karafuu na kila mtu anajua. Sasa vanila haiendi hivo. Kile kinachonukia kwenye vanila kinaitwa vanilini, ni kitu kizito, hakipandi vizuri na mvuke, ukichemsha vanila kwenye mtungi wa karafuu utaishia na maji yenye harufu ya mbali na kuni umemaliza. Viwandani wanachofanya ni kuiloweka kwenye pombe au kiyeyusho kingine kisha wanakivukiza kinabaki kitu kizito cheusi cha kunata, huko kwenye manukato wanaita absoluti, au wanaikamua kwa hewa ya kaboni iliyogandamizwa kwa presha kubwa. Zote hizo ni mashine za hela na mali inayotoka ni ghali kweli kweli.

Na ukijua vanila inavyopatikana utaelewa kwanini. Ua lake linafunguka asubuhi moja tu, likipita mchana limesinyaa, kwa hiyo mtu anapita shambani na kajiti anachavusha ua moja moja kwa mkono. Hiyo mbinu ya kajiti aliigundua kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, kule kisiwa cha Réunion mwaka 1841, na mpaka leo hakuna mashine iliyomshinda. Ukishachavusha unasubiri miezi kama tisa podo, yani lile tunda lake refu kama ganda la maharage, likomae. Halafu hilo podo bichi ukilinusa halinukii kitu! Majani mabichi tu, na utomvu wake ukikugusa unawasha, muulize yeyote aliyevuna bila kujifunika mikono. Harufu inakuja kwenye kuiva kwa kutengenezwa: unalichovya kwenye maji ya moto kama digrii 65 kwa dakika mbili tatu, unalifunga kwenye mablanketi litoe jasho, linageuka kuwa la kahawia, unalianika juani kila siku masaa machache na kulifunika tena, wiki kadhaa, kisha linakaa kwenye boksi miezi mingine. Kilo tano mpaka sita na zaidi za mbichi zinakupa kilo moja kavu, na hiyo kilo kavu ikiwa nzuri sana vanilini iliyomo ni kama asilimia mbili, yani gramu 20. Sasa nambie, mtu atakutolea wapi chupa ya vanila tupu kwa elfu tano, akuletee na nyumbani?

Ndo mana wezi hawalali msimu wa vanila. Madagaska wakulima wanatoboa alama kwa pini kwenye podo likiwa bado changa ili likiibiwa lijulikane ni la nani, na Uganda serikali inatangaza kabisa tarehe ya kuanza kuvuna, mana watu wakiogopa kuibiwa wanavuna mapema na podo changa halina vanilini ya maana, linaharibu jina la nchi nzima.

Kilichomo kwenye vile vichupa basi ni nini? Mara nyingi ni pafyumu ya kiwandani, vanilini ya kutengeneza imechanganywa na mafuta mepesi. Wajerumani wawili, Tiemann na Haarmann, waliitengeneza mwaka 1874, na kilichofuata baada ya hapo kinanichekesha kila nikikikumbuka, mana kwa miaka mingi mpaka 1930 na kitu vanilini ya viwandani ilikuwa inatengenezwa kutoka mafuta ya karafuu, na karafuu nyingi za dunia wakati huo zilikuwa zinatoka Unguja na Pemba. Yani mzungu alikuwa anakula keki ya vanila huko kwao kumbe anakula jasho la mchuma karafuu wa Pemba. Baadaye wakahamia kwenye mabaki ya viwanda vya karatasi na sasa hivi nyingi inatoka kwenye mafuta ya petroli. Sio sumu, hiyo vanilini ndo iko kwenye biskuti na aiskrimu tunazokula. Ila vanilini ya chakula ni kitu kingine na pafyumu ya kupaka au kuchoma ni kitu kingine, hiyo ya pili haijatengenezwa iingie tumboni, na anayekuuzia akisema ni asilia wakati sio, anakuibia.

Kuitambua sio kazi ngumu. Ikiwa nyepesi nyeupe kama maji na inanukia aiskrimu tangu chupa haijafunguka vizuri, hiyo ni pafyumu. Absoluti ya kweli ni kahawia iliyokolea, nzito, inashika kwenye kijiti, na harufu yake ina kitu cha moshi na ngozi na tumbaku kidogo sio sukari tupu. Na kama unaichanganyia kwenye sabuni usitegemee rangi ya sabuni kukuambia, mana wanaotengeneza sabuni wanajua vanilini yoyote, ya shamba au ya kiwanda, inageuza sabuni kuwa kahawia baada ya wiki chache.

Sasa faida, mana sitaki msomaji afikiri nasema vanila haina kazi. Kazi yake kubwa ni harufu, na sio jambo dogo. Mwaka 2022 watafiti walichapisha kazi waliyofanya kwa jamii mbali mbali duniani, wa mjini na wanaoishi porini kwa kuwinda, wakawanusisha harufu kadhaa, vanilini ndo ikapendwa kuliko zote. Ufaransa, mwaka 2005, madaktari walichapisha matokeo ya watoto njiti 14 ambao walikuwa wanasahau kupumua na dawa hazikuwasaidia vya kutosha, wakawawekea harufu ya vanilini kwenye mto ndani ya inkubeta siku nzima, zile pumzi kukatika zikapungua kwa asilimia 36. Jamani hiyo ilikuwa hospitali, watoto wako kwenye mashine wanaangaliwa, na walikuwa 14 tu, usichukue hiyo ukamdondoshee mtoto wako puani. Kuna nyingine ya New York ya 1994 wagonjwa waliokuwa wanaingia kwenye mashine ya MRI, ile ya kupiga picha ndani ya mwili, wakapewa harufu inayofanana na vanila, inaitwa heliotropini, wasiwasi ukapungua sana, na wauzaji wanaisema kama ni vanila yenyewe, sio, inafanana tu. Lakini kwa jumla ukiniambia harufu ya vanila chumbani jioni inatuliza mwili mtu alale vizuri, nitakubali, hata mimi natumia.

Faida ya mbu ndo hawaisemi kabisa kwenye matangazo na kwangu ndo yenye maana kuliko zote kwa hali yetu. Mafuta ya mchaichai yanafukuza mbu ila shida yake yanaruka haraka, saa moja mbili umebaki mtupu. Watafiti Thailand mwaka 2001 walichanganya mafuta ya aina hiyo na vanilini asilimia tano, yakakaa kwenye ngozi mda mrefu zaidi, kwenye majaribio yao ya ndani mengine yalifika mpaka masaa nane. Vanilini yenyewe sio ya kufukuza mbu, inachofanya ni kuyashika yale mengine yasiruke. Neti bado ni neti, usiniambie nimesema uitupe, ila kwa kukaa barazani jioni inasaidia.

Ngozi, hapa matangazo yanazidisha. Ukipaka mafuta ya nazi yaliyolowekwa vanila ngozi inalainika, ila iliyolainisha ni nazi, vanila imekunukisha. Hakuna kung'arisha. Na ukipata absoluti ya kweli usipake kavu kavu, asilimia moja inatosha, yani kama matone sita kwenye mafuta ya kupaka mililita 30, na jaribu kwanza kwenye mkono kwa ndani ulale nayo uone, mana wapo inaowatoa vipele. Mwenye pumu akae mbali na harufu kali yoyote. Saratani, nguvu za kiume, kukata tumbo, hayo mwachieni anayeyasema ayathibitishe yeye, kuna vitu vimeonekana kwenye vioo vya maabara lakini kutoka kwenye kioo mpaka kwa mtu ni safari ndefu sana.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hii kitu inaweza kutengenezwa nyumbani na ikawa bora kuliko hako kachupa. Nunua mapodo kavu ya Kagera, au ya Kilimanjaro, au Zanzibar siku hizi wanalima pia, yawe laini yanapinda bila kukatika na hayana ukungu. Pasua kwa urefu, kwangua vile vimbegu vyeusi, weka vyote na ganda lake kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa, mimina mafuta ya nazi au ufuta au alizeti yafunike juu, funga, weka kabatini wiki nne mpaka sita unatikisa tikisa. Maji yasiingie hata tone, yakiingia yataoza. Harufu yake haitapiga kelele kama ya dukani ila ukijipaka baada ya kuoga utaelewa. Wale wa udi na singo wanaweza kuchanganyia humo humo, vanila na asumini vinakaa vizuri sana pamoja, na karafuu usizidishe mana inameza kila kitu.

Ya kula ni nyingine, hiyo ni arki, yani vanila iliyolowekwa kwenye pombe. Kiwango wanachotumia Marekani kisheria ni kama gramu 100 za vanila kavu kwa lita moja ya pombe isiyopungua asilimia 35, na Konyagi yetu ni 35 kamili, kwa hiyo wala hauhitaji kitu cha nje. Asiyetumia pombe atumie gliserini ya chakula, inachukua mda zaidi lakini inatoka. Ganda lililobaki usitupe, lifukie kwenye kopo la sukari, hiyo sukari kwenye uji wa ulezi au vitumbua ni balaa.

Sasa ombi langu, Mhariri. Tangu 2019 mambo ya chakula na vipodozi yalitolewa kule kwenye mamlaka ya dawa yakapelekwa TBS, shirika la viwango, kwa hiyo wenye kazi wapo na wanajulikana. Naomba muwaulize kwa niaba yetu, kachupa kakiandikwa vanila asilia lebo inatakiwa iseme nini, iseme ni absoluti, ni mafuta yaliyolowekwa au ni pafyumu, na iseme kama ni ya kula au sio ya kula, kwa Kiswahili na kwa herufi mtu anazoweza kusoma bila miwani. Na la pili, kwenye ule ukurasa wenu wa bei za mazao mnaweka mahindi, mchele, maharage, kahawa, wekeni na vanila, mbichi na kavu, mana mkulima wa Muleba leo anauza kwa bei anayoambiwa na aliyekuja na pikipiki, na huku mjini mtu anadhani kwa elfu tano kapata chupa nzima.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam