Bima nalipa mimi, anayelindwa ni benki

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi pole na kazi. Wiki iliyopita kuna msomaji aliandika kwenye ukurasa wako huu kwamba bima za nyumba ni wizi mtupu, wanakula hela yako mwaka hadi mwaka alafu siku ukipatwa na janga wanakuzungusha. Sijaja kumpinga. Ila mimi nimepatwa na janga lenyewe, nimezungushwa wala sio sana, na hela niliyopoteza niliipotezea sehemu ambayo yeye hakuitaja kabisa.

Nakaa Kigamboni. Nyumba niliimalizia 2019 kwa mkopo wa benki wa milioni 45, nikapaua kwa bati za msauzi geji 28, rangi ya damu ya mzee, na fundi akaniambia mzee paa hili utakufa utaliacha. Benki wakakata na hela ya bima humohumo, laki moja na elfu sita na ushee kwa mwaka pamoja na VAT yake, nikasaini makaratasi kama kumi na mbili hivi, yote ya Kiingereza, na jamani nani anasoma makaratasi siku anayosubiri hela iingie.

Sasa mwezi wa nne mwaka huu, usiku wa mvua, ukaja upepo. Sisi wa pwani tangu Kimbunga Hidaya kile cha Mei 2024 upepo ukivuma vibaya kidogo tu watu tunaamka, lakini siku hiyo hakukuwa na kimbunga wala nini, ni upepo wa dakika kumi na tano ukizidisha, ukaingilia chini ya paa upande wa barazani ukanyanyua bati pamoja na papi zake na kenchi mbili, bati nyingine asubuhi tumeziokota kwenye mihogo ya jirani. Jipsam ya sebuleni na vyumba viwili ikalowa ikashuka yote chini kama uji. Watoto wakalala jikoni, ndo pekee palipokuwa pakavu.

Nikapiga simu bima na hapa niwe mkweli, mtu wa kukadiria hasara alikuja siku ya tatu tu, kijana mstaarabu kabisa. Nilikuwa nimepiga picha kila kona na kufunika turubai, sijaezeka kitu, akasema umefanya la maana, wengine tunakuta wameshaezeka upya tunabaki kupima nini sasa. Akapanda juu mwenyewe, akaangalia misumari, akaangalia kama kenchi zilifungwa na vile vyuma kwenye ile mbao ya juu ya ukuta au zilipigiliwa misumari tu. Bahati zangu zilifungwa, zisingefungwa angeandika ufundi mbovu na ufundi mbovu bima hawalipi, kama wasivyolipa kutu wala mbao iliyooza taratibu. Upepo wenyewe nao, kumbe kwenye bima ya moto, ambayo ndo hii ya nyumba, hauji bure, unaongezwa kama janga la ziada, wangu uliongezwa bila mimi kujua, nawashukuru.

Fundi na duka la vifaa walinipigia hesabu milioni 9 na laki 6. Bati, mbao, jipsam, rangi, ufundi. Yule kijana akatoa kwenye hesabu mbao ya ukingo wa paa kwa kuwa ilikuwa imeoza tangu zamani (kweli ilikuwa imeoza), akatoa na gata, akapunguza uchakavu kidogo, akafika milioni 8. Nikasema hewala, milioni 8 mi nakaa kimya.

Alafu ikaja barua. Milioni 3 na laki 6.

Nilidhani wamekosea kuandika. Nikaenda ofisini kwao nikiwa nimepandisha, dada wa mapokezi akaniita baba naomba ukae kwanza, akaja mkubwa mmoja akachukua kalamu akanichorea. Nyumba yako hii, akasema, kuijenga upya leo bila kiwanja ni milioni 90, hiyo ndo imeandikwa kwenye ripoti. Wewe umekatiwa bima ya milioni 45. Maana yake umelipia nusu ya nyumba, kwa hiyo hasara yoyote sisi tunabeba nusu na nusu unabeba mwenyewe, hata kama paa limetoka upande mmoja tu. Nane inakuwa nne. Toa asilimia kumi ambayo mkataba unasema mwenye nyumba anajibebea kila akidai, inabaki 3.6.

Mi akilini siku zote nilijua hivi, nimekatiwa bima ya milioni 45, hasara ni milioni 8, nane iko ndani ya 45, nalipwa nane. Nimewauliza watu kama kumi kazini kwetu wenye mikopo ya nyumba, wote wanajua hivyohivyo, mmoja ni mhasibu.

Sasa hiyo milioni 45 ilitoka wapi? Ni mkopo. Benki walipokata bima walijaza tarakimu ya deni langu, hawakujaza gharama ya kujenga nyumba, kwa sababu wao wanachoogopa ni deni lao. Nyumba ikiungua yote wao wanachukua kwanza deni lao lililobaki wanaondoka, mi nabaki na kiwanja, majivu na chenji kama ipo. Na hata hiyo 3.6 haikuja kwangu, iliandikwa kwa benki kwanza maana wao ndo wametajwa wa kwanza kulipwa, ikakaa huko wiki tatu ndo wakaiachia, na muda wote huo turubai linapepea na mvua za masika hazijaisha. Nilikopa kikoba cha mke wangu nikaezeka. Bati za 2019 rangi ile haipo tena madukani, iliyopo imekolea zaidi, kwa hiyo nyumba yangu ukiitazama kutoka barabarani paa lina viraka kama suruali ya shule.

Shemeji akanishauri niende kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, nikasoma mkataba vizuri kwanza (mwanangu wa kidato cha sita alinitafsiria) nikaona hakuna mgogoro, kila kitu kimeandikwa mle na kampuni imefuata. Ndo maana nasema kwa yule msomaji, kuwaita wezi ni rahisi ila unawakosea hawa na unawaacha wale waliojaza fomu.

Ninachoomba kwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, ni kitu kidogo. Mtu anapokatiwa bima kupitia mkopo, aambiwe kwa Kiswahili, mstari mmoja tu, kwamba kiasi hiki ni deni lako, sio gharama ya kujenga nyumba yako, na ukipata hasara utalipwa kwa uwiano. Asaini hapo. Kwa kiwango nilichokatwa mimi, kufikisha milioni 90 ningeongeza laki na kidogo kwa mwaka, hela ambayo ningeitoa siku hiyohiyo bila kunung'unika. Na wale wanaojikatia wenyewe nao wasijaze bei ambayo dalali angewauzia nyumba, maana humo kuna na kiwanja, kiwanja hakiungui wala hakiezuliwi, unakilipia bure. Mwite fundi au mkadiriaji akupigie hesabu ya kujenga upya, na kila ukihuisha uiangalie tena kwa sababu bati ya 2019 na bati ya leo bei zake ni mbingu na ardhi, wakati tarakimu kwenye bima yangu haijasogea hata shilingi tangu siku nasaini.

Ya kwangu inaisha mwezi wa kumi. Nimeshaenda benki mara mbili kuomba waandike milioni 90 na tofauti nilipe mimi, mara ya kwanza wameniambia mhusika yuko likizo, mara ya pili wameniambia mfumo sasa unachukua salio la mkopo tu, na salio sasa hivi limeshuka liko milioni 31.

Msomaji wako,
Kigamboni, Dar es Salaam