Ile nembo ya kuogelea usiiondoe

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu sana. Huku sote hatujambo, na nimefurahi kusikia mama anaendelea vizuri. Mengine nitakuandikia baadaye, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu dada yako aliponieleza. Eti umefungia kabatini mikasi na karatasi zako za rangi, na unataka kuziondoa zile kazi zote za kuchezea kwenye mkoba wa kazi zako za ubunifu kabla hujaenda kwenye usaili. Kisa? Mteja mmoja kasema nembo yako ni mchezo wa watoto!

Pole, ndugu yangu. Maneno kama hayo yanachoma, tena yakisemwa mbele ya bosi. Lakini hebu tuitazame nembo yenyewe. Umeandika "kuogelea", ile o ukaizamisha nusu chini ya mstari, basi. Hukuchora wimbi wala mtu. Maji anayajaza mtazamaji mwenyewe. Mtoto anacheka, mzazi anaelewa, na hata ikipunguzwa ikawa ndogo kama ukucha bado inasomeka. Ni nembo ngapi za kikubwa zinayaweza hayo? Nimeudhika kweli.

Alan Fletcher, mbunifu wa michoro wa Uingereza, alifanya jambo la namna hiyo mwaka 1989, alipoibuni nembo ya Victoria and Albert Museum ya London. Kwenye herufi V&A aliuondoa mguu mmoja wa A, akaiacha alama ya & (yaani "na") izibe pengo, na bado tunaiona A nzima.

Halafu wanaokubeza hawaoni kwamba mchezo wako una masharti. Rangi mbili tu, mikasi tu, penseli marufuku. Kwenye kompyuta ukikosea unarudi nyuma. Karatasi ikishakatwa imekatwa, na mara nyingine kipande kilichodondoka mezani ndicho kinachogeuka picha. Mbunifu Susan Kare alipochora ikoni, zile picha ndogo za kwenye skrini, za kompyuta ya Macintosh ya 1984 alikuwa na miraba 32 kwa 32, yaani nukta 1,024, kila moja ama nyeusi ama nyeupe. Alichora kwenye karatasi ya miraba, na humo humo akaitoa ile kompyuta inayotabasamu. Ufinyu ule wa nafasi ndio uliomlazimisha achague nini kibaki.

Na ile siku ulipoivuta picha ya mkono juu ya kioo cha mashine ya fotokopi, taa ikipita, vidole vikarefuka hadi ukingoni! Mwalimu alitufukuza, lakini msanii Bruno Munari kule Italia alikuwa akifanya vivyo hivyo miaka ya 1960, na kila karatasi aliyoitoa ikawa kazi ya pekee, ingawa imetoka kwenye mashine ya kunakili. Laiti ningeyajua haya siku ile...

Sisemi kila mchezo unafaa. Lile bango la herufi zilizopinduka nilikwambia wakati ule ule kwamba tarehe haisomeki. Pale ulimsahau msomaji. Kwenye kuogelea hukumsahau hata kidogo, ndiyo maana nairudia rudia.

Kwa hiyo nakuomba: iweke ya kwanza kabisa. Pembeni yake panga majaribio, yale ambayo o ilizama mno ikapotea na yale ambayo ilielea tu, ili watakaokusaili waone ulivyofikiri hadi ukaipata.

Sasa niambie. Usaili ni lini? Utaeleza kazi zako mwenyewe au watazipitia kimya kimya? Yale majaribio bado unayo, au umeyachana? Yule mteja mwishowe alichukua nembo gani? Bosi naye alikutetea? Na je, unaweza kunitumia picha za kazi zote kabla ya siku hiyo, tuzipange pamoja?

Ni mimi,
mwenzako wa dawati la nyuma