Kuhusu mafuta uliyoyaacha

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na natumaini wewe na wa nyumbani mwako mu wazima, kama tulivyo sisi huku. Habari za vipimo vyako nilizipata kwa shemeji kabla ujumbe wako haujanifikia. Tafadhali usimlaumu, alikuwa na wasiwasi, nami sasa ninao. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu ili usome kwa utulivu na uweze kurudia pale utakapotaka.

Unaniambia kwamba daktari amekuta mafuta kwenye ini, na kwamba tangu siku hiyo umeyaacha mafuta yote ya mbegu kwa kuwa umesikia yanaleta mchochota mwilini, yaani mwili kuwaka na kuvimba kwa ndani, ukahamia kwenye siagi, na juu yake unameza vidonge vya mafuta ya samaki. Azma yako naiheshimu sana. Ila hilo la siagi limeninyima raha, kwa sababu kwa mtu mwenye ini kama lako ndilo badiliko ambalo majaribio yamelipinga waziwazi.

Hoja uliyoisikia ina chanzo chake. Mafuta ya mbegu yana asidi ya linoleiki, ambayo ni asidi ya mafuta ya kundi la omega-6. Mwili unaweza kuigeuza kuwa asidi ya arakidoniki, na hiyo nayo huzaa prostaglandini, zile kemikali zinazochochea maumivu, homa na uvimbe. Anayeishia hapo lazima aogope. Lakini mwili hudhibiti sana ugeuzaji huo, na watu wanapoongezewa asidi ya linoleiki katika chakula, kiasi cha arakidoniki katika damu yao hakibadiliki sana, wala vipimo vya mchochota kama protini ya CRP havipandi. Isitoshe, arakidoniki hiyohiyo hutengeneza pia kemikali zinazouzima mchochota kazi yake inapokwisha, jambo ambalo wanaoeneza hofu hii hawalitaji kamwe.

Sasa nirudi kwenye ini, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Huko Uppsala, Sweden, watafiti waliwagawa watu 67 wenye unene wa tumbo katika makundi mawili kwa muda wa wiki 10: wengine walipewa chakula chenye siagi, wengine chenye mafuta mengi ya omega-6, bila kukusudia kuwapunguza uzito. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Mafuta ya ini yalipungua kwa waliokula omega-6 yakilinganishwa na ya waliokula siagi, na hakuna dalili iliyoonekana kwamba omega-6 iliwazidishia mchochota. Miaka miwili baadaye watafiti wa hukohuko walitoa jaribio ambalo naliona la kushangaza zaidi: vijana 39 wenye uzito wa kawaida walilishwa keki ndogo za ziada kwa wiki 7, baadhi zikiwa zimetengenezwa kwa mafuta ya mawese, nyingine kwa mafuta ya alizeti. Makundi yote mawili yaliongezeka uzito uleule, wastani wa kilo 1.6. Hata hivyo, waliokula mawese walijaza mafuta mengi zaidi kwenye ini na kuzunguka viungo vya ndani ya tumbo, ilhali wale wa alizeti walipata sehemu kubwa zaidi ya mwili usio mafuta. Tafakari hilo, ndugu yangu: mizani ilionyesha jambo moja kwa wote, na ndani ya miili yao mambo yalikuwa tofauti kabisa.

Sababu moja ni kwamba asidi za mafuta haziwi nishati tu. Hutoa pia amri. Zile zisizoshiba za aina ya omega-6 na omega-3 hupunguza kasi ya ini kujitengenezea mafuta mapya na huchochea uchomaji wake, wakati palmitiki, asidi iliyoshiba iliyo nyingi katika mawese na katika siagi, ikizidi husaidia kutengeneza seramaidi, aina ya mafuta ambayo huidhoofisha kazi ya insulini. Tena linoleiki mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe. George na Mildred Burr walionyesha tangu mwaka 1929 kwamba panya walionyimwa mafuta walidumaa na kupata magamba ya ngozi.

Kuhusu vidonge, omega-3 ya samaki kwa dozi ya gramu 2 hadi 4 kwa siku hushusha trigliseridi, yaani mafuta yanayosafiri katika damu, hilo halina ubishi. Lakini jaribio la VITAL la Marekani, lililotoa majibu mwaka 2018 baada ya kuwafuatilia watu 25,871, halikuona gramu 1 kwa siku ikipunguza kwa kiwango cha maana jumla ya matukio makubwa ya moyo na mishipa. Dozi kubwa nazo, katika baadhi ya majaribio, zimeambatana na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kwa hiyo usizipandishe bila daktari wako kujua.

Najua utaniambia kwamba unajisikia vizuri zaidi. Nakuamini. Ila pamoja na mafuta ya mbegu uliacha pia vyakula vya kukaangwa na vya viwandani, ambavyo hubeba sukari, chumvi na nishati nyingi, na nadhani nafuu yako inatoka huko. Hayo endelea kuyaacha. Siagi ndiyo ninayokuomba uiweke kando.

Nijibu haya, tafadhali. Trigliseridi zako zilikuwa ngapi, na je, walikupima sukari ya damu kabla hujala kitu? Kwenye kasha la vidonge, EPA na DHA, zile omega-3 mbili za samaki, zimeandikwa miligramu ngapi, maana uzito wa mafuta yote si uzito wa omega-3? Daktari anafahamu kwamba umebadilisha mafuta ya kupikia? Na kipimo kingine cha ini kimepangwa lini, ili nije tuongozane?

Wako akupendaye daima.