Barua ya wazi kwa Mstahiki Meya: Usizifunge kumbi ndogo

Mstahiki Meya,

Salamu za heshima. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu ukumbi wa sanaa ni mali ya hadhara, na haya ninayotaka kusema yanawagusa wengi kuliko mimi.

Nilikuwa kwenye viti vya nyuma siku mliposoma mbele ya wananchi mpango wa ukumbi mpya wa matumizi mengi. Viti 1,500. Sakafu tambarare, ili leo yafanyike maonyesho ya biashara, kesho mkutano, keshokutwa muziki. Watu walishangilia, nami nilipiga makofi kwa moyo mmoja, maana mji wetu ni mdogo na si kila mwaka tunasomewa habari ya aina hiyo. Kisha ukaja ukurasa wa mwisho: kumbi tatu ndogo zilizopo zitatafutiwa matumizi mengine. Mikono yangu ikabaki hewani.

Kazi yangu ni taa na sauti. Mwaka huu natimiza miaka 19 katika mojawapo ya kumbi hizo. Ukumbi huo una viti 140, na 11 kati ya hivyo vinalia mtu akijigeuza. Ninavijua kwa nambari. Nyuma kabisa kuna friji ya vinywaji. Muziki ukiwa juu huisikii, lakini msanii akinyamaza kidogo tu, mngurumo wake unaingia kwenye kipaza sauti. Kwa hiyo kila usiku wa ushairi au wa mchezo wa kuigiza, dakika tano kabla ya kuanza, naizima, kisha naweka funguo za nyumba yangu ndani yake. Siwezi kwenda kulala bila kuifungua, na nikiifungua nakumbuka kuiwasha. Funguo zangu zimelala kwenye baridi ile mara nyingi mno, na kila zilipokuwa humo, jukwaani palikuwa na mtu anayesikilizwa hadi pumzi yake.

Hicho ndicho ninachokuomba usikiondoe mjini: mahali ambapo mtu asiye na jina bado anasikilizwa hadi pumzi.

Nakumbuka binti mmoja aliyekuja na gitaa la kuazima. Watu waliolipa kiingilio usiku ule walikuwa 37. Wimbo wa kwanza aliuimba ameshika mguu wa kipaza sauti kwa mkono mmoja, na mguu wenyewe ukawa unatetemeka, nikausikia kwenye spika kama mtu anagonga mlango kwa mbali. Sikupunguza. Wimbo wa pili aliuachia. Wa tatu akawatazama watu usoni. Mwaka uliofuata alirudi, wakaja 90. Baadaye tukaanza kufunga mlango kwa kukosa nafasi. Sasa ndiye anayestahili ukumbi wa viti 1,500, na ninatamani aupate hapa hapa, asiufuate mji mwingine. Lakini angeanzia wapi? Wale 37 ukiwaweka kwenye viti 1,500, zaidi ya viti 1,460 vinamkodolea macho bila mtu. Walinzi wa milango, umeme na usafi vinalipwa vilevile, waje 37 au waje wote. Hakuna mwenye akili timamu atakayemkodishia msichana wa gitaa la kuazima jengo la namna hiyo. Ngazi isiyo na vidato vya chini haipandwi na mtu.

Pale Liverpool, Uingereza, palikuwa na chumba cha chini ya ardhi kiitwacho Cavern Club, kilichofunguliwa 1957. Vijana wa bendi ya The Beatles walipiga pale kwa mara ya kwanza mwaka 1961, na kufikia 1963 walikuwa wamepanda jukwaa lile dogo karibu mara 300. Mwaka 1973 klabu ikafungwa, jengo lililokuwa juu yake likavunjwa na chumba kikafukiwa, ili reli ya chini ya ardhi ipate tundu la kupitishia hewa. Tundu hilo halikujengwa kamwe. Mwaka 1984 ilibidi yachukuliwe matofali ya zamani na kujengwa upya kile kilichofukiwa, na hadi leo wageni wanatoka pembe zote za dunia kwenda kukiona. Simlaumu yeyote aliyetia saini karatasi ile. Siku ile hicho kilikuwa chumba tu chenye unyevunyevu na jasho ukutani. Hivyo ndivyo kumbi hizi zinavyoonekana kwenye karatasi za mipango miji, na ndiyo maana naogopa ukurasa wa mwisho.

Niruhusu sasa niseme kidogo kama fundi, kwa sababu hili la "matumizi mengi" linanisumbua tangu siku ile.

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimpa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, kazi ya kurekebisha ukumbi mpya wa mihadhara ambao hakuna aliyeweza kuelewa kinachosemwa ndani yake. Neno likitamkwa lilibaki likivuma kwa zaidi ya sekunde tano, mhadhiri ameshatamka mengine kumi juu yake. Sabine na wasaidizi wake walifanya kazi usiku mji ukiwa kimya. Walikuwa wakibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, wanaipanga, wanapuliza filimbi ya kinanda, wanapima sauti inachukua muda gani kufa, kisha wanairudisha mito yote kabla ya masomo ya asubuhi. Kwa mito hiyo akapata kanuni ambayo sisi mafundi tunaitumia mpaka leo: ukubwa wa chumba upande mmoja, na upande wa pili vitu vinavyomeza sauti, yaani vitambaa, mbao, mapazia na miili ya watu. Ukumbi wa Symphony Hall wa Boston, uliofunguliwa 1900, ulijengwa kwa hesabu yake, na bado unasifiwa.

Nalitaja hili kwa sababu hotuba na mchezo wa kuigiza vinataka sauti ife ndani ya sekunde moja hivi, ilhali okestra inataka karibu sekunde mbili ili muziki ujae. Chumba kimoja hakiwezi kuwa vyote viwili bila mapazia ya kushusha, paneli za kugeuza na mtu anayejua kuvitumia, na vitu hivyo ndivyo vinavyokatwa kwanza bajeti ikibana. Kinachobaki ni sakafu ya saruji, kuta za vioo na paa la bati. Nimefanya kazi kwenye majengo ya aina hiyo katika miji mingine. Ukiongeza spika unaongeza kelele, maneno hayaongezeki. Jengo likijaa nusu ni balaa zaidi, kwa sababu miili ambayo ingemeza sauti haipo. Wahudhuriaji wanarudi nyumbani wakidhani msanii alikuwa mbovu.

Ukumbi wetu wa viti 140, pamoja na kulia kwake, una dari ya mbao na kuta zisizo sambamba, kwa bahati tu ya aliyeujenga. Bibi wa miaka 80 anasimulia hadithi bila kipaza sauti, na mtu wa mstari wa mwisho anasikia neno la mwisho. Ubora huo uko tayari, na haukuigharimu halmashauri yako chochote.

Najua ofisini kwako yapo malalamiko ya kelele, na mengine yanatuhusu sisi. Sitaki kuyapuuza. Mwenye mtoto mchanga ana haki ya kulala. Besi ni sauti ngumu: maneno unayazuia kwa mlango mzuri, lakini besi inatembea ndani ya ukuta wenyewe, na dawa yake ni uzito wa ukuta na nafasi ya hewa kati ya kuta mbili. Ila uchungu wangu ni huu. Kwa miaka mingi ubavuni mwetu palikuwa na ghala, na hatukumsumbua mtu. Kisha mwekezaji akajenga ghorofa za makazi, vyumba vya kulala vikiwa mita chache kutoka ukutani mwetu, madirisha yakiwa ya kioo kimoja. Barua ya kwanza ya malalamiko ilifika ndani ya mwezi ambao wapangaji wa kwanza walihamia. Tukaamriwa kuzima saa tatu usiku. Hakuna aliyemuuliza mwekezaji kwa nini hakuweka vioo viwili.

Wenzetu wameshalitatua hili kwa sheria. Jimbo la Victoria, Australia, mwaka 2014, na Uingereza katika mwongozo wake wa mipango wa mwaka 2018, waliweka kanuni kwamba anayeleta mabadiliko ndiye anayebeba gharama ya kuzuia kero. Ukijenga nyumba kando ya ukumbi uliopo, wewe ndiye unayeziba sauti isiingie kwako. Ukifungua ukumbi kando ya nyumba zilizopo, ni juu ya mwenye ukumbi. Ni haki inayoeleweka na kila mtu, na halmashauri inaweza kuiingiza kwenye masharti ya vibali vya ujenzi bila kutoa senti moja.

Kwenye usalama sitatetea mtu. Desemba 1903 ukumbi wa Iroquois pale Chicago, uliotangazwa kuwa hauwezi kuungua, uliua zaidi ya watu 600 mchana mmoja, wengi wakiwa wamebanwa kwenye milango iliyofungwa au iliyofichwa na mapazia. Januari 2013, klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazil, iliua watu 242, na mlango wa kutokea ulikuwa mmoja tu. Mlango wetu wa upande wa kushoto unafunguka kuelekea ndani, na nimeuandikia ripoti mara nne. Tafadhali tutumie mkaguzi. Lakini mkaguzi akija, aje na fungu la kurekebisha mlango, asije na kufuli la kufungia ukumbi. Milango miwili inayofunguka nje, taa za dharura na njia ya viti vya magurudumu ni sehemu ndogo sana ya gharama ya jengo jipya.

Kuhusu vibali nitasema kwa kifupi. Onyesho moja la watu 50 linahitaji meza nne tofauti, na kila meza inataka barua ya meza iliyotangulia. Waandaaji wengi ni walimu na wauguzi wanaofanya haya baada ya kazi. Wape kibali kimoja cha mwaka kwa kila ukumbi uliokaguliwa, basi.

Halafu liko suala la fedha. Sikuombi uache ukumbi mkubwa. Naomba uuunganishe na zile ndogo. Ufaransa wanatoza asilimia 3.5 ya mauzo ya tiketi za maonyesho ya muziki, fedha hizo zinakwenda kwenye kituo chao cha taifa cha muziki, na zinarudi kwa kumbi na wazalishaji kama msaada. Uingereza hawakuwa na utaratibu kama huo, na chama kinachotetea kumbi ndogo kule, Music Venue Trust, kilihesabu kumbi 125 zilizoacha muziki wa jukwaani mwaka 2023 peke yake. Ukumbi wako mpya ukianza kazi na kanuni kwamba sehemu ndogo ya kila tiketi inahudumia jukwaa lililomkuza msanii huyo, utakuwa umejenga mfumo mzima, juu hadi chini.

Wala usiseme mji wetu ni mdogo mno kwa mambo haya. Mwigizaji na mwongozaji Jean Vilar alianzisha tamasha la maigizo la Avignon, Ufaransa, mwaka 1947 katika ua wa jumba la kale la mapapa. Makhanda, mji mdogo wa Afrika Kusini, umepokea tamasha la taifa la sanaa tangu 1974. Zanzibar, Sauti za Busara imekuwa ikiwakusanya wanamuziki wa Afrika Ngome Kongwe tangu 2004. Mapapa hawakujenga lile jumba kwa ajili ya maigizo, na waliojenga ngome walikuwa wakifikiria mizinga. Mtu fulani alitazama kuta zilizokuwepo akaona jukwaa.

Kabla baraza halijapiga kura, naomba ukurasa wa mwisho utolewe kwenye mpango, na wahandisi waseme waziwazi ukumbi mpya utakuwa na mapazia na paneli gani. Mengine tunaweza kuyajadili mezani.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao tuna usiku wa ushairi. Njoo, hata bila msafara. Mlango unafunguliwa saa moja jioni, na saa mbili kasoro dakika tano utaniona nikienda kwenye friji na funguo mkononi. Nitakuwekea kiti nambari 62, mstari wa nyuma. Hicho hakilii.

Wako mtiifu,
Fundi wa taa na sauti