Hoja ya "hakuna fedha" ilijibiwa mwaka 1972

Mhariri,

Kila bajeti ya shule za Marekani inapobanwa, hawakosekani wanaosema kuwa wanafunzi wenye ulemavu wanagharimu mno na wanawapunja wenzao. Naumia kuyasikia hayo, maana hoja hiyo ilishafikishwa mahakamani, ikashindwa.

Katika kesi ya Mills, watoto saba wa Washington, D.C. waliishtaki bodi ya elimu kwa kuwafungia nje ya shule. Bodi yenyewe ilikuwa imekadiria kwamba jijini mle mlikuwa na watoto 22,000 wenye ulemavu, na huenda 18,000 kati yao hawakuwa wakipata elimu maalumu. Utetezi wake ulikuwa fedha. Agosti 1972, Jaji Joseph Waddy aliamua kwamba fedha zikipungua, kilichopo kigawanywe kwa haki. Upungufu usimwelemee mtoto mwenye ulemavu kuliko mwenzake. Uamuzi huo ungestahili kusomwa kwa sauti katika kila kikao cha bajeti.

Wakati huohuo, sheria ya Pennsylvania iliruhusu shule kumkataa mtoto ambaye akili yake ilipimwa ikaonekana haijafikia ya mtoto wa miaka mitano. Chama cha wazazi kiliipinga mahakamani na kikashinda. Bunge la Marekani nalo likabaini kuwa watoto milioni moja wenye ulemavu walikuwa wametengwa kabisa na shule za umma. Ndipo Novemba 1975 Rais Gerald Ford alipotia saini sheria ambayo leo inaitwa IDEA, inayompa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu ya bure inayomfaa.

Inayomfaa kwa kiasi gani? Mwaka 1982, katika kesi ya Rowley, msichana kiziwi alinyimwa mkalimani wa lugha ya alama kwa kuwa tayari alikuwa akifaulu darasani. Naamini Mahakama ya Juu ilikosea. Ilipita miaka 35 kabla ya mahakama hiyohiyo, katika kesi ya Endrew F., kutamka kwa kauli moja kwamba maendeleo kiduchu hayatoshi. Katikati yake, mwaka 1999, iliiamuru wilaya moja ya shule huko Iowa imhudumie darasani mwanafunzi anayepumua kwa msaada wa mashine. Gharama ya muuguzi haikukubaliwa kuwa kisingizio.

Fedha ni tatizo kweli, sikatai. Lakini sheria ya 1975 iliweka lengo kwamba serikali kuu ichangie hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja nchini, kwa kila mtoto anayehudumiwa. Kiwango hicho hakijafikiwa hata mara moja. Ombi langu kwako, Mhariri: mkichapisha habari za gharama za elimu maalumu, wekeni asilimia 40 hiyo kando ya kiasi kilichotolewa mwaka huo, msomaji ajionee nani hajatoa fungu lake.

Msomaji wako