Barua kwa mwanangu: ukumbi una milango mingapi?

Mwanangu Zuhura,

Salamu zako zimefika na picha nimeziona. Gauni zuri, ila mgongo umeachwa mno. Hilo tutalizungumza siku nyingine. Mimi nataka kujua moja tu: ukumbi huo mnaochezea dansi ya tango una milango mingapi?

Usicheke. Mjomba wako amenieleza habari za ukumbi wa Cromañón, hapohapo Buenos Aires, Desemba 2004. Watu 194 walikufa kwa moto na moshi, wengi vijana, na mlango wa dharura umefungwa. Najua, yalikuwa maonyesho ya roki, hayakuwa ya tango. Lakini baada ya hapo jiji lilikagua kumbi, na milonga nyingi, hizo kumbi zenu za tango, zikafungwa kwa muda. Muulize yule mzee anayekufundisha. Mtu aliyevumilia miaka ambayo vijana waliikimbilia roki, akangoja mpaka walipoanza kuirudia tango baada ya jeshi kuondoka madarakani 1983, hawezi kukosa kujua mlango wa kutokea uko wapi.

Hizo taratibu zenu zimenipendeza. Kuzunguka ukumbi kinyume cha saa bila kumkanyaga wa mbele, na mwanamume haji mezani kukuvuta, anakuita kwa jicho na kichwa tu. Humtaki, unatazama kwingine. Marehemu bibi yako angesema hao watu wana haya zao. Ila eti ukisema asante kabla nyimbo nne hazijaisha umemfukuza mtu? Nami niliyekuchapa ili useme asante!

Na lile la candombe, ile ngoma ya watu weusi, kwamba tango ina mkono wa watu weusi waliopelekwa huko utumwani, nimemsomea baba yako mara mbili. Nilipofika kwa Rosendo Mendizábal, mweusi aliyetunga tango iitwayo "El Entrerriano" mwaka 1897, baba yako aliyekuwa akisema mambo ya Wazungu hayo akaomba chai. Umejua kumnyamazisha. Laiti ungeziandika hivyo na zile ripoti za chuo. Unarudi saa kumi alfajiri, darasani unafika saa ngapi?

Ukiingia, kabla hujavaa viatu vya dansi, tazama milango. Kama wa nyuma umezibwa kwa viti, toka, hata kama tanda, hizo nyimbo zenu nne, imeanza.

Kile kitasa cha mlango wa uani, mwaka ule, ulidhani ni baba yako aliyekuwa akikifunga. Ufunguo nilikuwa nalala nao mimi. Juzi nimemwita fundi akaking'oa, sasa kuna komeo la ndani tu, hata mtoto analifungua. Alitaka elfu ishirini, nikampa kumi na mbili na sahani ya wali, akaondoka ananung'unika. Tabu ni mbuzi wa jirani: tukisahau komeo mchana, anausukuma mlango kwa kichwa, na mchicha umebaki mashina.

Nijibu ile ya milango.

Mama yako