Alisema ana mawazo, wakaandika anataka kujiua

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili tangu niko shule ya msingi Tanga, nikimsomea babu barazani, na kwa miaka 22 niliyokaa hapa Leicester nalisoma kwenye simu. Sijawahi kukuandikia. Leo naandika kwa sababu ya ile habari yenu ya Jumapili kuhusu Waafrika wa Uingereza na afya ya akili, pale mwandishi wenu aliposema ndugu zetu huku hawaendi kutibiwa kwa kuwa wanaona aibu na wanadhani wamerogwa. Niliisoma ndani ya basi nikitoka zamu ya usiku. Nilipofika kituo changu nilikuwa nalia.

Aibu ipo, sikatai. Nimekulia mahali ambapo ukitaka kumtukana mtu unamwambia apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Lakini mdogo wangu hakuona aibu. Alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake.

Mama yetu alifariki Pangani mwaka juzi. Karatasi za mdogo wangu zilikuwa bado ziko mezani Wizara ya Mambo ya Ndani, na angetoka nje ya nchi asingeruhusiwa kurudi kwa watoto wake. Mama akazikwa baada ya adhuhuri, yeye akayaona mazishi kwenye simu, mwanawe wa miaka tisa amemshikia. Arobaini ikapita, hitima ikasomwa, na bado alikuwa halali. Nikimtembelea namkuta amesimama jikoni, bomba la maji linatiririka, sahani mkononi. Nikamwambia mdogo wangu, nenda ukaseme. England mtu anaruhusiwa kujiandikisha mwenyewe kwa tiba ya mazungumzo, bure, bila barua ya daktari. Akapiga simu. Akasubiri wiki 11.

Siku ya mahojiano nilikuwa nimekaa naye. Mahojiano yenyewe ni ya simu: mhudumu upande mmoja, mkalimani upande mwingine, sisi jikoni. Akaulizwa anajisikiaje. Akajibu kama ambavyo ungejibu wewe, Mhariri, au mama yako: "Nina mawazo." Kwetu neno hilo limebeba kila kitu, msiba, deni, mume aliyenyamaza, usingizi uliokimbia. Mkalimani akalitafsiri neno kwa neno. Lakini katika Kiingereza cha hospitali, mgonjwa akisema ana mawazo, wanaelewa anawaza kujitoa uhai. Sauti ya yule mhudumu ikabadilika pale pale. Mawazo ya kujidhuru? Mdogo wangu, hajui moto umeshawaka, akasema, "Mawazo tu, mengi, usiku kucha. Na alfajiri namsikia mama ananiita." Hilo nalo likaandikwa: anasikia sauti. Nani kwetu aliyefiwa na mama akakosa kusikia akiitwa? Kesho yake asubuhi watu wawili wa ustawi wa jamii walikuwa mlangoni. Wakataka kuona vitanda vya watoto. Wakafungua friji. Wakamuuliza yule mtoto wa miaka tisa kama mama huwa anazungumza peke yake, naye, kwa kuwa ni mtoto mkweli na amemwona mama akisali na kuomba dua, akasema ndiyo. Walipoondoka mdogo wangu akanigeukia: "Dada, kwani mimi nimewaambia nini?" Sikuwa na la kumjibu. Mimi ndiye niliyempeleka.

Mtu akiuliza tunaogopa nini, jibu limo kwenye takwimu za serikali yao wenyewe. Katika mwaka ulioishia Machi 2023, England ilishikilia hospitalini kwa nguvu ya sheria ya afya ya akili ya mwaka 1983 watu weusi mara 228 kwa kila watu weusi 100,000. Weupe ni 64. Ni mara tatu na nusu. Sheria hiyo inaruhusu mtu awekwe ndani hadi siku 28 akichunguzwa tu. Mwaka 2010 kijana mweusi, Olaseni Lewis, alikwenda hospitali London akiwa amechanganyikiwa, akabanwa chini na polisi 11, akafa. Ilibidi mpaka 2018 ndipo bunge lipitishe sheria ya kudhibiti matumizi ya nguvu wodini. Anayekumbuka hayo kabla ya kupiga simu msimwite mshirikina.

Mambo yalipotulia alipewa vikao sita na binti mmoja mpole, mwenye nia njema, hilo nalisema wazi. Mwanzo wa kila kikao ni dodoso la maswali tisa, kila jibu lina alama mpaka tatu, jumla 27, lote kwa Kiingereza. Baadaye mpwa wangu anayesomea uuguzi akanionyesha kwamba dodoso hilo hilo lina tafsiri ya Kiswahili iliyokwisha kutumika Kenya miaka mingi. Haikuwa mbali, hakuna aliyeitafuta tu. Kikao cha tatu, binti akamshauri ajitangulize mwenyewe kwanza: apunguze kutuma pesa nyumbani, kwa maana ndizo zinazomchosha. Ada ya wadogo zetu wawili! Kitu pekee kilichokuwa kinamwamsha kwenda kazini ni kujua kwamba ile ada ikifika, basi mama bado ana mtoto Ulaya. Hakurudi tena. Kwenye faili wameandika amekataa huduma, na ndivyo mdogo wangu alivyoingia katika hesabu ya mwandishi wenu ya watu wanaoona aibu.

Wanaojua kazi hii wapo. London kaskazini kuna kituo kiitwacho Nafsiyat, Mswahili yeyote akilisikia jina hilo atawaza nafsi. Kilianzishwa na Jafar Kareem mwaka 1983, na watu huzungumza humo kwa lugha zao. Upo pia mtandao wa washauri wenye asili ya Afrika na Asia, nao una orodha ya majina yao. Lakini ukimpata wa kwenye orodha, wengi ni wa kulipwa, na mshahara wa kuosha wazee hautoshi. Kwa nini mwandishi wenu hakupiga simu hata moja huko?

Na hapa niwageukie wenzangu. Akifa mtu leo, vyama vyetu huku vinakusanya maelfu ya pauni kwa siku tatu na maiti inapanda ndege. Desemba kuna sherehe ya Uhuru, ukumbi, bendi, kitenge cha sare. Lakini mdogo wangu, aliye hai, alipokuwa hawezi kufua nguo za watoto, katika watu 140 wa kundi letu la simu, aliyekuja mlangoni ni mmoja, mama wa Kirundi, kaleta maharage. Wengine walituma alama za mikono ya dua. Mwenyekiti aliniambia tusiyatangaze mambo ya ndani. Nimechangia jeneza 19 tangu nifike nchi hii, nimezihesabu kwenye daftari langu, na sijawahi kuombwa senti ya mtu ambaye bado anapumua.

Zimbabwe walikwisha kupata njia ya kumsaidia mtu angali hai. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza Mbare, Harare, na bibi 14 wanaokaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mtu. Kishona wana neno lao, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, ni lile lile letu la mawazo, na walilichukua lilivyo, wakauliza maswali yao kwa kuanzia hapo. Hawakumlazimisha bibi aongee kama kitabu.

Naomba mambo mawili. Gazeti lichapishe, kwenye ukurasa ule ule wa habari ile, maneno yetu na maana zake: nina mawazo, roho inaniuma, moyo umekufa ganzi, kichwa kinawaka moto. Nitayakata na kuyapeleka mwenyewe kwa daktari wetu, yabandikwe chumba cha wakalimani. Na chama chetu kitoe pesa ya bendi ya Desemba hii, iwalipie mabinti wawili wa hapa masomo ya ushauri nasaha. Mpwa wangu ameshasema atajiandikisha. Wakati wanasoma, ukumbi wa chama uko wazi Jumanne saa kumi jioni na hautumiki. Mimi na yule mama wa Kirundi tutakuwepo, na mdogo wangu amesema atakuja, kukaa tu.

Msomaji wenu,
Leicester, Uingereza
(Jina limehifadhiwa)